Walimu wa Walimu: Vijana Watatu wa Japani Waliovuka Bahari Mwaka 1875



Serikali ikitaka kujenga daraja hutafuta mawe, chuma na mafundi, na daraja likiisha kujengwa kila apitaye huliona. Lakini serikali ikitaka kubadili mafundisho ya watoto wa nchi nzima, itaanzia wapi? Vitabu vyaweza kupigwa chapa kwa mwezi mmoja, na amri yaweza kuandikwa kwa siku moja. Walakini kitabu hakijifundishi chenyewe, wala amri haiingii darasani ikashika chaki. Aingiaye darasani ni mwalimu, na mwalimu hufundisha kama alivyofundishwa yeye. Basi atakaye mafundisho mapya hana budi kupata walimu wapya. Na atakaye walimu wapya hana budi kupata kwanza watu wa kuwafundisha walimu hao. Na watu hao watapatikana wapi, ikiwa hapana hata mmoja katika nchi aliyepata kuyaona mafundisho hayo kwa macho yake?

Swali hili liliwakabili watu wa Japani yapata miaka 150 iliyopita. Leo nataka kuwasimulia jinsi walivyolijibu: walichagua vijana watatu, wakawavusha bahari, wakawakalisha darasani pamoja na vijana wa nchi ya kigeni, kisha wakawarudisha nyumbani wawe walimu wa walimu. Habari yao ina faida nyingi, na hasara zake pia. Nami nitazisema zote mbili.

Kabla ya mwaka 1868 Japani ilikuwa chini ya Shogun, yaani jemadari mkuu, aliyetawala juu ya watawala wadogo zaidi ya 250, kila mmoja na jimbo lake. Mfalme alikaa Kyoto akiheshimiwa sana, lakini nguvu ya kutawala haikuwa mkononi mwake. Kwa muda wa zaidi ya miaka 200 Mjapani hakuruhusiwa kutoka nchini. Hata mwaka 1853 manowari za Marekani zikatokea, na watu wakaona kwamba ulimwengu umewapita kwa silaha na kwa mitambo. Pakawa na fitina na vita, utawala wa Shogun ukaanguka mwaka 1868, na mfalme kijana aitwaye Meiji akawekwa mbele. Washauri wake wakatangaza kwamba tangu siku hiyo elimu itatafutwa katika pande zote za dunia.

Msidhani kwamba watu wa kawaida wa Japani hawakujua kusoma kabla ya hapo. Palikuwa na maelfu ya vyuo vidogo, vingine katika mahekalu, vingine katika nyumba za watu, ambamo watoto walijifunza kusoma, kuandika kwa wino na brashi, na kuhesabu kwa shanga. Watoto walikaa juu ya mikeka, kila mmoja akiandika somo lake mwenyewe, na mwalimu akawaita mmoja mmoja. Mtu aliyesoma chuoni katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki ataelewa upesi: kila mtoto na ubao wake, na kila mmoja husogea mbele ya mwalimu kwa zamu yake.

Mwaka 1872 serikali mpya ilitoa sheria kubwa ya elimu. Nchi iligawanywa katika sehemu kuu 8, kila sehemu kuu katika sehemu 32, na kila moja ya hizo katika sehemu ndogo 210. Na kila sehemu ndogo ilipasiwa kuwa na shule moja ya msingi. Mwenye kupenda hesabu na azidishe: ataona kwamba shule zilizotakiwa ni 53,760. Kila mtoto aliyefika umri wa miaka 6, mvulana kwa msichana, wa mkulima kwa wa mwungwana, alitakiwa kuingia. Na mafundisho yake hayakuwa tena kusoma na kuandika tu, bali pia hesabu kwa tarakimu za kigeni, jiografia, elimu ya viumbe na mengineyo. Kitabu kimoja cha kusomea kilichoenea sana kilifasiriwa kwa sehemu kubwa kutoka kitabu cha watoto wa Marekani.

Mwaka huo huo chuo cha kwanza cha walimu kikafunguliwa Tokyo. Kuongoza mafundisho akaajiriwa Mmarekani mmoja, Marion Scott, aliyekuwa amefundisha San Francisco. Bwana Scott hakujua Kijapani, akasema kwa kinywa cha mkalimani. Chumba kikafanywa kama darasa la Marekani: mikeka ikaondolewa, yakaletwa madawati, viti, ubao mweusi na picha kubwa za kutundika ukutani. Wanafunzi wa chuo wakajifunza jinsi ya kufundisha watoto wengi kwa pamoja, wote kwa somo moja na kwa saa moja. Walipomaliza wakatawanywa mikoani, nao wakawafundisha wengine.

Hapo ndipo jambo la kuangaliwa lilipotokea. Katika kitabu cha mwongozo wa walimu kilichotolewa mwaka 1873 limo somo la picha ya tunda liitwalo kaki, ambalo kwa umbo ni mfano wa nyanya iliyoiva. Mwalimu huonyesha picha, huuliza hiki ni kitu gani, humea wapi, hutumiwa kwa kazi gani, na ladha yake ni ipi. Na watoto hujibu. Lakini majibu yenyewe yamekwisha kuandikwa kitabuni, na kazi ya mtoto ni kuyakariri. Fikirini, wasikilizaji: mkaki ni mti unaopandwa karibu kila kijiji cha Japani. Mtoto ameupanda, amelila tunda lake, pengine amepigwa kwa sababu ya kuliiba. Naye sasa anafundishwa kwa taabu kusema maneno ya mtu mwingine juu ya tunda hilo, akitazama picha. Sura ya mafundisho mapya ilikuwa imefika. Roho yake ilibaki ng'ambo.

Na wazazi walionaje? Shule hizo zilijengwa kwa fedha za watu wenyewe. Sheria iliweka karo ya sen 50 kwa mwezi, au sen 25 kwa wasioweza, na ingawa vijiji vingi vilitoza chini ya hapo, kwa mkulima maskini huo ulikuwa mzigo. Tena mtoto aliyekaa dawatini hakuwa shambani, wala hakuwa akimlea mdogo wake. Mwaka 1873, katika sehemu ambazo sasa ni mikoa ya Okayama na Fukuoka, wakulima walioghadhibika kwa kodi, kwa sheria ya kuandikisha askari, na kwa amri nyingi nyingine, waliziharibu shule na kuzichoma moto. Tusifanye haraka kuwaita wajinga. Mtu aliyelipishwa kitu ambacho hajaona faida yake, wala hakuulizwa kama anakitaka, hukiona kuwa ni kodi nyingine tu. Mwaka ule, katika kila watoto 100 waliopaswa kusoma, walioandikwa shuleni walikuwa kama 28. Na kwa wasichana peke yao, 15 tu.

Wakati huo Wizara ya Elimu iliongozwa na Tanaka Fujimaro. Yeye alikuwa amekwenda Marekani na Ulaya pamoja na ujumbe mkubwa wa serikali uliosafiri tangu 1871 hata 1873, akaziona shule za huko. Na tangu 1873 alikuwa na mshauri Mmarekani, David Murray, aliyekuwa profesa wa hesabu. Yafaa tuone tofauti hapa. Mkubwa wa serikali azurupo shule ya kigeni huonyeshwa chumba kilichofagiliwa na watoto waliopangwa. Hukaa nusu saa, huandika habari, huenda zake. Huona nyumba, haoni msingi. Kwa hiyo mwaka 1875 Wizara ikaamua kutuma watu watatu, wasiende kutazama, bali waende kuwa wanafunzi wa vyuo vya walimu vya Marekani kwa muda wa miaka.

Wajapani hutanguliza jina la ukoo, nami nitafuata desturi yao. Wa kwanza alikuwa Isawa Shuji, mwenye miaka 24, mtoto wa mwungwana maskini wa Takato, nchi ya milima. Utotoni alipiga ngoma katika kikosi cha askari wa mtawala wao. Alipochaguliwa alikuwa tayari mkuu wa chuo cha walimu cha Aichi, katika mji wa Nagoya, na huko alikuwa amejaribu kuwafundisha watoto wadogo kwa michezo na nyimbo. Wa pili alikuwa Takamine Hideo, mwenye miaka 20 na kitu, mtu wa Aizu. Watu wa Aizu walipigana upande ulioshindwa katika vita vya 1868. Ngome yao ikazingirwa, ikaanguka, nao wakapata dhiki kubwa. Kwa kijana wa ukoo ulioshindwa, elimu ilikuwa karibu ndiyo njia pekee iliyobaki. Wa tatu alikuwa Kozu Senzaburo, mwenye miaka 23.

Wakaondoka mwezi wa Julai 1875. Walipofika Marekani hawakuwekwa pamoja, na hilo nalo lilikuwa la busara, maana wageni watatu wakikaa chumba kimoja husema lugha yao na kupika chakula chao. Isawa alipelekwa Bridgewater katika jimbo la Massachusetts. Takamine alikwenda Oswego, mji ulio kando ya ziwa Ontario katika jimbo la New York. Na Kozu alikwenda Albany, mji mkuu wa jimbo hilo.

Tumfuate kwanza Isawa. Chuo cha Bridgewater kilifunguliwa mwaka 1840, na mkuu wake siku hizo alikuwa Albert Boyden. Isawa aliyaweza masomo yote isipokuwa mambo mawili: matamshi ya Kiingereza, na kuimba. Muziki wa kwao ulikuwa na mpango wake wa sauti, na sauti mbili katika ngazi ya muziki wa Kizungu zilimshinda kabisa. Mkuu wa chuo, kwa wema wake, akamwambia kwamba yeye ni mgeni aliyetoka mbali, kwa hiyo atasamehewa somo la kuimba. Isawa hakufurahi, alihuzunika siku kadhaa. Alijua kwamba hakutumwa kuchukua hati ya kumaliza masomo, bali kuchukua kazi yote ya mwalimu wa watoto wadogo, na kuimba ni sehemu ya kazi hiyo. Somo atakalosamehewa yeye leo, kesho litakosekana kwa walimu atakaowafundisha, na kesho kutwa kwa watoto wao.

Akasikia habari za Luther Whiting Mason, mzee aliyesimamia mafundisho ya kuimba katika shule za watoto za Boston. Akamwendea, akawa anakwenda kwake kila juma kujifunza, sauti baada ya sauti, kama mtoto, hata akaweza. Na kwa ajili ya matamshi alimwendea Alexander Graham Bell, aliyekuwa bingwa wa kuwafundisha viziwi kusema kwa kuwaonyesha mahali pa ulimi na midomo. Bell ndiye huyo huyo aliyevumbua simu, na inasimuliwa kwamba Isawa na Mjapani mwenziwe walisemezana ndani ya chombo hicho kilipokuwa kipya kabisa, hivi kwamba Kijapani kikawa miongoni mwa lugha za kwanza kupita katika waya wa simu. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Sasa tuje Oswego kwa Takamine. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1861 na Edward Sheldon, naye alikijenga juu ya mafundisho yaliyoitwa mafundisho kwa vitu. Asili yake ni Uswisi, kwa Johann Heinrich Pestalozzi, aliyezaliwa 1746 akafa 1827. Pestalozzi aliona kwamba watoto wa maskini walikaririshwa maneno wasiyoyaelewa, akasema kwamba ujuzi wa mtoto huanzia machoni, masikioni na mikononi mwake. Neno lije baada ya kitu, si kabla yake. Katika shule yake ya Yverdon mmoja wa wasaidizi wake alikuwa Hermann Krüsi. Kutoka Yverdon mafundisho hayo yalipelekwa Uingereza, na katika chuo kimoja cha walimu London yakaandikwa na kupangwa. Sheldon aliona vitu vya mafundisho hayo katika nyumba ya makumbusho ya Toronto mwaka 1859, akapendezwa nayo. Lakini hakuridhika na vitabu. Akamwita mwalimu wa walimu kutoka London, Bibi Margaret Jones, aje Oswego kwa mwaka mmoja, na mwaka 1862 akampata Hermann Krüsi mwingine, mtoto wa yule Krüsi wa Yverdon. Takamine alipofika alikaa nyumbani kwa mzee huyo. Basi angalieni mnyororo huu: Uswisi, Uingereza, Marekani, Japani, na kila pete yake ni mtu aliyekaa na mtu, si kitabu peke yake.

Mafundisho yenyewe yalikuwaje? Tuchukue mfano wa kipande cha kioo, ambao ulikuwa somo la kwanza katika kitabu chao mashuhuri. Mwalimu hasemi, "Kioo ni kitu kigumu na laini." Huwapa watoto kipande cha kioo wakipitishe mkononi. Huwauliza wanaona nini. Mmoja husema kinang'aa. Mwingine, akikipapasa, husema hakina mikwaruzo. Mwingine hukigonga, akaona ni kigumu. Mwingine hukiweka mbele ya jicho, akamwona mwenziwe ng'ambo ya pili. Hapo, mtoto akiisha kuona kitu lakini akikosa jina la sifa yake, ndipo mwalimu humpa neno, nalo humkaa, kwa sababu lilikuja wakati wa haja yake. Kazi ya namna hii huonekana rahisi, lakini ni ngumu kuliko kukaririsha, maana mwalimu hajui mtoto atajibu nini. Lazima awe amekwisha kukifahamu kitu chenyewe, na tena awe amekwisha kuifahamu akili ya mtoto.

Kwa hiyo Oswego haikumwachia mwanafunzi wake maneno matupu. Palikuwa na shule ya mazoezi yenye watoto halisi. Mwanafunzi wa ualimu alisimama mbele yao akafundisha, na mkufunzi wake akakaa nyuma akimtazama. Kisha makosa yake yakaelezwa wazi, na kesho akasimama tena. Takamine alipita katika moto huo kwa lugha isiyokuwa yake, mbele ya watoto wa Kimarekani. Si jambo dogo hilo.

Isawa na Takamine walimaliza vyuo vyao mwaka 1877, wakarudi nyumbani mwaka 1878. Huko nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Mwaka 1877 palikuwa na maasi makubwa upande wa kusini, fedha za serikali zikaliwa na vita, na vyuo vya walimu ambavyo serikali kuu ilivifungua mikoani, hata kile cha Aichi alichokiongoza Isawa, vikafungwa. Lakini serikali ilifanya jambo moja la hekima ambalo nchi nyingi hulisahau: haikuwaweka vijana wale ofisini kuandika barua. Iliwaweka mahali ambapo elimu yao ingezaa. Mwaka 1879 Isawa alifanywa mkuu wa Chuo cha Walimu cha Tokyo, na Takamine msaidizi wake. Na mwaka 1881 Takamine akashika ukuu mwenyewe.

Wakaipanga upya kazi ya chuo. Mwanafunzi alianza kwa elimu zenyewe, kama hesabu na sayansi, kwa sababu asiyekuwa na maji hawezi kumnywesha mwingine. Kisha akajifunza jinsi akili ya mtoto inavyokua. Mwisho akaingia shule ya mazoezi, akafundisha akitazamwa. Mwaka 1883 walimu wawili wa shule hiyo ya mazoezi, Wakabayashi Torasaburo na Shirai Kowashi, wakatoa kitabu cha kuwaonyesha walimu wa nchi namna ya kufundisha. Humo walieleza kanuni: toka katika kijulikanacho uende katika kisichojulikana, anza na kitu kishikwacho kabla ya jambo la kuwazika, fundisha jambo moja kwa wakati mmoja. Kitabu hicho kilienea sana mikoani. Takamine naye alifasiri kitabu cha Mmarekani James Johonnot juu ya kanuni za kufundisha, na Isawa akaandika kitabu chake mwenyewe cha elimu ya malezi.

Na wimbo uliomhuzunisha Isawa haukusahauliwa. Mwaka 1879 serikali ilianzisha ofisi ya kuchunguza muziki, Isawa akawa mkuu wake, na Kozu akashiriki kazi hiyo. Mwaka 1880 yule mzee Mason akaitwa aje Japani, akakaa hata 1882. Hawakuimbisha watoto wa Japani maneno ya kigeni. Walichukua tuni za Ulaya na Marekani wakazitungia maneno ya Kijapani, na kitabu cha kwanza cha nyimbo za shule kikapigwa chapa na tarehe ya mwaka 1881. Wimbo mmoja wa kipepeo ulikuwa na maneno yaliyotokana na wimbo wa watoto wa upande ule wa Nagoya, juu ya tuni ya Kizungu. Mwingine uliazima tuni ya kuagana ya Waskochi, nao ukawa wimbo wa kuwaaga wanafunzi wanaomaliza shule. Waimbao hawaoni hata kidogo kwamba ni wa kigeni. Wahenga wetu wamesema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hawa waliushona msala mpya juu ya mbacha wa zamani.

Sasa, wasikilizaji, yanipasa kusema upande wa pili. Je, mafundisho hayo yalimfikia mtoto wa kijijini kama yalivyokuwa Oswego? Yalifika, lakini yamekonda. Kati ya Takamine na mtoto wa mlimani palikuwa na hatua nyingi: Takamine amfundisha mwanafunzi wake Tokyo, huyo aenda kufundisha chuo cha mkoa, mwanafunzi wa mkoa aenda kijijini, kwenye watoto wengi na mshahara mdogo. Kila hatua huacha kitu njiani, kama maji yachukuliwayo kwa kata kutoka kisima cha mbali. Palipokosekana mwalimu mwenye kuelewa sababu, maswali ya kitabu yakageuka kuwa ya kukariri tena, na somo la kitu likawa somo la maneno juu ya kitu. Kanuni iliyokusudiwa kumfungua mwalimu ikawa kamba nyingine ya kumfunga.

Tena palikuwa na nguvu kubwa kuliko walimu wote. Wakubwa wengi wa serikali waliingiwa na hofu kwamba watoto wanafundishwa kufikiri kabla ya kufundishwa kutii. Mwaka 1881 mpango wa masomo ya shule za msingi ukabadilishwa, na mafundisho ya adabu na maadili yakawekwa mbele ya yote. Mwaka 1886 waziri Mori Arinori akatoa sheria mpya ya vyuo vya walimu: wanafunzi wakae bwenini kwa taratibu ya kiaskari, na utii uhesabiwe miongoni mwa sifa za kwanza za mwalimu. Chuo cha Tokyo kikafanywa chuo cha juu, na juu yake akawekwa ofisa wa jeshi, Yamakawa Hiroshi. Takamine akarudi chini yake kuwa msaidizi, hata aliporudishiwa ukuu mwaka 1891. Mwaka 1890 ikatolewa ilani ya mfalme juu ya elimu, nayo ikasomwa kwa heshima kuu mashuleni mpaka mwisho wa vita mwaka 1945. Mtoto aliyefundishwa kukipapasa kioo na kusema alichokiona hakufundishwa kuipapasa ilani ile.

Hata Isawa mwenyewe historia ilimpeleka pabaya. Mwaka 1895 Japani iliitwaa Taiwan kutoka kwa China, na Isawa akawekwa kuongoza elimu kisiwani. Akafungua shule karibu na mji wa Taipei kuwafundisha wenyeji Kijapani. Tarehe 1 Januari 1896, yeye akiwa safarini Japani, walimu sita wa shule hiyo waliuawa na wenyeji walioinuka kuupinga utawala mpya. Kijana aliyehuzunika ugenini kwa sababu ya wimbo usiokuwa wa kwao, sasa amekuwa mkubwa anayewaletea wengine lugha isiyokuwa yao, nyuma ya askari. Walimu wale walikufa kifo cha kuhuzunisha. Na wenyeji nao walikuwa wamenyang'anywa nchi yao. Ujuzi wa kufundisha ni kama kisu kikali: hukata mkate, na hukata vinginevyo, kwa kadiri ya mkono ulioushika.

Tukihesabu mwisho wa safari, twaona nini? Mwaka 1873 watoto walioandikwa shuleni walikuwa kama 28 kwa kila 100. Mwaka 1902 walikuwa wamepita 90. Tusiwape vijana watatu sifa yote. Karo ya shule za msingi iliondolewa mwaka 1900, na huo ndio mzigo uliowaudhi wakulima tangu mwanzo. Na wazazi nao walikuwa wamekwisha kuona faida ya kusoma. Katika mji wa Matsumoto, mkoa mmoja na kwao Isawa, wenyeji walikuwa wamejenga tangu 1876 shule nzuri ya ghorofa, wakatoa wenyewe sehemu kubwa ya gharama, nayo ingali imesimama. Watu walewale wanaochoma shule waliyotwishwa hujenga shule waliyoitaka.

Lakini sifa yao ni hii: kwa watu watatu tu, na kwa miaka mitatu tu, nchi ilipata mbegu ya walimu wake yenyewe. Baada yao mwalimu wa Kijapani aliweza kufundishwa ualimu na Mjapani, kwa Kijapani, pasipo mkalimani kusimama katikati. Na jambo hilo liliwezekana kwa sababu walikaa ugenini muda wa kutosha, wakafundishwa kwa kutenda, wakarudishwa mahali pa kupanda walichovuna. Penye upungufu, upungufu ulitokana na kuwapa walimu wa vijijini kanuni bila sababu zake, na na kudai kwamba mtoto afumbue macho kwa kioo lakini ayafumbe kwa wakubwa wake.

Isawa alifariki mwaka 1917, Takamine mwaka 1910, na Kozu aliwatangulia mwaka 1897. Na wewe mwanafunzi unayesoma habari hii, siku mwalimu wako atakapoleta jani au jiwe darasani akakuuliza waona nini, usitafute jibu kitabuni. Litazame jani. Swali hilo limevuka bahari nyingi mpaka kukufikia.